Kulungu Saba wa Ziwa Kweti

Kunguru ndio waliopeleka umbea wa kwanza. Ijumaa asubuhi Bernadine Koyina, mlinzi wa wanyama wa kijiji, aliwaona wakizunguka juu ya rasi ya Ziwa Kweti, katika eneo lililofungiwa uwindaji kwa miaka mitano. Alizima pikipiki yake ya theluji akaenda kwa miguu. Nyuma yake alikuja Prentice, afisa wa serikali kutoka mji mkuu, akihema ndani ya koti jipya.

Walikuwa kulungu wa theluji saba. Wote majike, wote na mimba.

"Ushenzi mtupu," Prentice akasema.

Bernadine alichuchumaa kando ya mizoga. Alikuwa akitazama. Jike mmoja alikuwa amechunwa na kukatwakatwa vizuri, ulimi na mifupa ya uboho imechukuliwa. Sita waliobaki walikuwa wamepasuliwa matumbo tu, kisha wakafunikwa matawi ya misonobari kuzuia kunguru. Upepo ulikuwa umeyatawanya. Vichwa vyote viligeuzwa vitazame kaskazini, kule kundi linakokwenda kuzaa. Pembeni palikuwa na majivu, na juu yake kipande cha mafuta kilichoungua nusu. Mtu alikuwa ameulisha moto kabla ya kuondoka, kama afanyavyo aliyelelewa na wazee.

Maganda ya risasi yalikuwa mengi, yote nyuma ya kisiki kimoja. Kutoka pale ungerusha kofia ikamwangukia mnyama mgongoni. Hata hivyo miti ya pande zote mbili ilikuwa na matundu ya risasi. Hatua chache mbele, alama za pikipiki ya theluji ziliishia kwenye mti uliogongwa, na gome lake limebaki na rangi ya kijani.

Prentice alisema mkutano wa kijiji ulikuwa jioni ileile. Akipata jina, atamshtaki mtu mmoja. Asipopata, anafuta kibali cha vuli cha kijiji kizima: wale wanyama ishirini ambao kamati ya kulungu ya kijiji ilikuwa imewapigania, nyama pekee ya kulungu ambayo watu wangeionja mwaka huo.

Kabla hawajafika kijijini, redio mbao zilikuwa zimeshamaliza kesi. Dukani wanawake walishikilia kwamba ni watu wa mjini na pikipiki zao za theluji za kifahari. Mzee mmoja akasema ni mbwa mwitu, akaambiwa basi mbwa mwitu wa siku hizi wana bunduki. Bernadine alinunua sigara, akasikiliza, akacheka palipohitaji kucheka. Lakini pikipiki za mjini huacha alama pana, na alama alizoziona zilikuwa nyembamba. Pikipiki nyembamba ya kijani ilikuwa moja tu kijijini. Mwenyewe ni Alphonse Tsinazo, mwenyekiti wa kamati ya kulungu, mjomba wa Bernadine. Lakini siku hizi aliyeonekana akiiendesha ni mjukuu wake, Lyle.

Alimkuta Lyle nyuma ya duka akipakua madebe ya mafuta. Kijana hakungoja aulizwe.

"Ni mimi, shangazi. Mwambie huyo afisa aje anichukue."

"Ulisimama wapi?"

"Ng'ambo, upande wa pili wa ziwa."

"Ukafyatua ngapi?"

"Saba."

Bernadine akawasha sigara. "Lyle, kwenye mashindano ya masika ulipiga kopo lililoning'inia kwenye uzi, ukarudi kuniomba soda. Aliyewaua wale alisimama karibu kama mimi na lile dampo, na bado alikuwa anatoboa miti. Unadanganya vibaya. Hata mama yako alikuwa anakushinda."

Kijana alitazama viatu vyake. Alisema ndani ya gereza kuna joto, na yeye bado ana nguvu. Kisha akarudi kwenye madebe yake.

Nyumbani kwa Alphonse kulinukia mchuzi wa uboho. Rosalie, mke wake, alikuwa amelala kando ya jiko, amebaki mifupa na macho, midomo yake inang'aa mafuta. Tangu arudishwe kutoka hospitali alikuwa amekataa kila chakula cha dukani; kijiji kizima kilijua.

Mzee alimkaribisha, akaanza kuzungumzia barafu ya mwaka huu. Bernadine aliketi. Akatoa ganda moja la risasi mfukoni, akaliweka taratibu kwenye kitambaa cheupe cha meza, karibu na kikombe cha mzee. Mzee akaendelea na barafu. Bernadine akalisogeza mpaka likagusa kikombe. Mzee akaendelea na barafu.

Kisha akanyoosha mkono kutafuta chai. Vidole vyake vikakuta shaba. Habari za barafu zikaishia hapo.

"Liko mbele yako tangu nilipokaa, mjomba," Bernadine akasema. "Toka lini?"

"Vuli iliyopita. Jicho la kushoto kwanza." Aliligeuzageuza ganda. "Njia ya ziwani naijua kwa makalio, kila tuta. Mti ule ndio sikuujua."

Alisimulia kwa sauti ya chini, ili mke wake asisikie. Alikuwa anataka mmoja tu. Kulikuwa na ukungu, aliona kivuli, akafyatua, akasikia mnyama anagaagaa. Akafyatua tena ili asiteseke, akasikia mwingine. Kila risasi ilimletea mlio mpya. Ukungu ulipoinuka aliihesabu mizoga kwa mikono, akavigeuza vichwa kimoja kimoja. Akawafunika, akitumaini kurudi kuchukua nyama. Lyle alimkuta akizunguka mti aliougonga.

"Ungeomba kamati," Bernadine akasema. "Nani angekunyima?"

"Elise alikuja hapa, kwenye kiti hicho, kuomba mmoja wa kulisha watu kwenye mazishi ya mumewe. Nilimwambia kundi likipona tutakula. Alitulisha kuku wa kopo, Bernadine. Sasa mimi ningeomba kwa mdomo gani?"

Bernadine akakitazama kile kiti. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kushika kisu. Alisema tu kwamba Lyle ameshakiri.

Mzee akasimama, akatafuta koti lake ukutani. "Chukua na bunduki. Iko nyuma ya mlango. Na pale kwenye ngazi unishike mkono."

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Watu walipoona mwenyekiti wao anaongozwa kama mtoto, wengi walielewa kabla hajafungua mdomo. Lyle alisimama kutaka kusema. Babu yake, aliyemjua kwa kikohozi chake, akamwambia akae. Kisha akaeleza yote, akiwa ameuelekeza uso mahali alipodhani Elise ameketi. Elise alikuwa upande mwingine, akilia bila sauti.

Prentice aliandika jina. "Kulungu saba," akasema, kalamu juu ya karatasi. "Ni sahihi?"

"Walikuwa na mimba," mzee akasema. "Andika kumi na nne."

Akabaki amesimama, sikio ameligeuzia meza, mpaka aliposikia kalamu ikikwaruza.