Swali la Mama

Asubuhi hiyo mama alikuwa akipiga pasi sare za shule kwenye duka lao la ushonaji. Baba, akiwa ameketi juu ya mto wake mkuukuu, alikuwa akishona vifungo. Zamani suruali zao zilikuwa na zipu. Vita vilipoanza nchi za mbali, meli zikazunguka njia ndefu, na zipu zikaadimika.

"Wanapigana huko, suruali zinafunguka huku," baba alisema.

Mama hakucheka. Binti yao alikuwa mfanyakazi wa usafi hospitalini, karibu na huko kwenye vita. Siku mbili hakuwa amepiga simu.

Simu ikaita. Namba ngeni.

"Mama'ngu, ni mimi." Ilikuwa sauti ya binti, inalia. "Mabomu yanaanguka. Simu yangu imepotea. Kuna tarakimu sita zinaingia kwenye simu yako. Nisomee upesi, nipate nafasi kwenye gari la kutuondoa."

Ujumbe uliingia kweli. Mama aliisahau pasi, ikaunguza kola.

"Tatu," alianza. "Saba..."

"Dada, kata simu." Aliyesema ni jirani yao, fundi simu, aliyekuja kuchukua sketi yake.

"Nikate, mwanangu anakufa?"

Jirani aliichukua simu, akakata mwenyewe. Mama alimtazama kana kwamba anamtazama muuaji.

"Siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu," jirani alisema. "Ikimsikia kidogo tu, inatosha. Na tarakimu hizo ni ufunguo wa akaunti yako. Ukimsomea mwizi, anajifanya wewe na kuwatapeli wateja wako. Wanajua una hofu ya vita."

"Sauti ya mwanangu wameitoa wapi?"

Baba aliweka sindano chini. Kila Jumatatu binti alirekodi tangazo: "Karibuni kwa mama'ngu, mshono haufumuki." Baba ndiye aliyelisambaza kwa simu kwa kila mtu.

"Kwangu," alisema taratibu.

"Mpigieni kwa namba yake mnayoijua," jirani alisema. " Na muwe na swali ambalo jibu lake halijawahi kupita kwenye simu."

Walipiga. Haikupatikana. Walipiga tena na tena. Mama aliketi sakafuni katikati ya sare. Je, kama alikuwa ni yeye kweli? Kama wamemkatia mtoto wao?

Saa sita mchana simu ikaita. Ilikuwa namba ya binti.

"Mama'ngu, ni mimi. Mtandao ulikatika."

Sauti ile ile. Mama aliuliza:

"Suruali ya kwanza uliyoshona, aliivaa nani?"

"Mama, kwa nini unauliza?"

"Jibu."

"Hakuivaa mtu. Niliziba miguu yote miwili. Tukaijaza vitambaa, ikawa mto wa baba."

Baba aliinuka polepole kutoka kwenye mto wake. Hapo ndipo mama alipolia.

Siku hizi tangazo la duka ni picha ya suruali ya vifungo, halina sauti. Vita havijaisha. Binti akipiga, hata akiwa analia, mama huuliza swali kwanza. Kisha ndipo humwita "mwanangu".