Mlango Uliomuuma Kija

"Mlango umeniuma, Mama."

"Mlango hauna meno," alijibu Mama Wilhelmina, wala hakuinua macho kwenye ungo wake wa mchele.

Kija alikuwa amesimama peku kwenye saruji ya uani, beseni limemponyoka, samaki wa sato wametapakaa na maji yao. Mkono wa kulia ameukumbatia kama aliyebeba kifaranga. Ganzi ilikuwa imempanda mpaka kwenye kiwiko.

Mchumba wake, Mayala, akatoka ndani na buti zake za soli ya mpira, zile za kwendea kazi yake ya ukarani kiwanda cha pamba. Akaushika ule mlango wa chuma kwa kiganja chote. Akautikisa. Akacheka.

"Mbona mimi hauniumi?"

"Labda unachagua," mama yake akasema.

Nyumba hiyo ya Kirumba aliijenga marehemu baba yake Mayala, juu ya mwamba mtupu. Mayala aliapa hataoa kabla hajaitengeneza upya: sakafu ya saruji, mlango wa chuma, na juu ya yote, taa za umeme. Vita vya pili vya dunia vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, na mtaa mzima ulikuwa bado wa chemli. Kazi ya nyaya akampa Venant, fundi aliyejifunzia kwenye karakana ya meli, mtu wa maneno matamu na kofia iliyokaa upande.

Venant alikuwa juu ya ngazi. Akashuka taratibu.

"Bibi harusi, ulikuwa na viatu?"

"Siingii kwa mkwe na viatu, kaka. Shangazi yangu hakunifunza hivyo."

Macho ya Venant yakashuka kwenye miguu ya Kija, yakakaa pale, kisha yakahama.

"Aa. Basi ni chuma tu, kimepigwa na jua."

"Chuma cha jua huunguza. Hiki kimenitetemesha mifupa."

"Umeme wangu nimeupima, dada. Mpole kama maziwa. Kama humu ndani mna kingine, hicho si cha fundi."

Neno hilo lilizama kwa Mama Wilhelmina kama maji kwenye mchanga.

Jumamosi iliyofuata mlango ukamuuma tena. Mama Wilhelmina alipita palepale na katambuga zake za tairi la gari, akaegemea fremu ya mlango huku akimtazama Kija anavyojisugua mkono.

Wiki ile wajomba zake Kija wakavusha mbuzi kutoka kwao Busisi, ng'ambo ya ziwa, mbuzi wa heshima, beberu mweupe. Wakamfunga kwenye fremu ya uleule mlango wa nyuma, wa uani, wakala, wakaaga. Alfajiri kukanyesha manyunyu. Kulipopambazuka beberu alikuwa chali, miguu imekauka kama kuni, hana jeraha hata moja.

"Umeona, Mayala?" mama yake akamwambia. "Mbuzi wa kwao, kwenye mlango wetu. Marehemu baba yako amesema. Anataka aseme mara ngapi?"

"Mama, huenda alikuwa mgonjwa."

"Mgonjwa! Usiku wote amekula majani yangu ya viazi!"

Barua ikamfikia Kija siku ya Alhamisi, mwandiko wa karani, mistari imenyooka.

*Kija, njoo Jumamosi. Mama ana neno, na wazee watakuja baada ya sala ya Jumapili kulisikia. Mimi sina la kufanya. Mayala.*

Aliisoma mara mbili. Kilichomuuma hakikuwa wazee. Ni yale maneno "sina la kufanya", yaliyoandikwa vizuri hivyo, wala wino haukudondoka.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imeanza kabla hajafika Kirumba. Ziwa limekuwa jeusi, mawe yanatiririka maji. Alipita uani kama kawaida, akavua viatu vyake, kisha akasimama mbali na mlango.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ishia hapohapo."

Mama Wilhelmina alikuwa kizingitini, mkono kwenye fremu. Mayala nyuma yake. Venant naye alikuwepo, amekuja kukabidhi kazi, karatasi mkononi.

"Kija, sina ugomvi na wewe," Mama Wilhelmina akasema. "Adabu unayo. Lakini nyumba ya marehemu imekukataa. Sisi sote tunaingia na kutoka, wewe tu inakutupa. Ukilala humu, hutaamka. Ng'ombe wa mahari watarudi kwetu—"

"Hapana, Mama. Usinitajie ng'ombe. Mimi naona ninayerudishwa ni mimi."

Kija akatazama mkono wa Mama Wilhelmina kwenye chuma, umetulia. Akashusha macho. Katambuga. Akatazama buti za Mayala. Akatazama za Venant. Lile swali la fundi likamrudia lote: *ulikuwa na viatu?*

"Mama, nina ombi moja kabla sijaondoka. Vua katambuga, uushike huo mlango."

"Mimi? Univue viatu kwangu?"

"Basi wewe, Mayala. Vua buti."

Venant akacheka, cheko fupi. "Jamani, mambo ya wanawake haya. Bwana Mayala, tia sahihi tu, mvua hii nitavukaje mto Mirongo?"

"Mayala," Kija akasema, sauti imeshuka. "Kama ni baba yako, hatakuuma. Wewe ni mwanawe. Vua."

Mayala alimtazama mama yake. Akamtazama Kija, nywele zinachuruzika. Kisha akainama, akafungua kamba. Buti moja. Buti ya pili. Akatoka uani, akakanyaga saruji iliyojaa maji, akageuka kuukabili mlango, akanyoosha mkono.

"Mama, ondoka hapo," alisema.

Kidole kilibaki shubiri moja kuufikia mlango.

"Usiguse!"

Venant aliruka, karatasi ikaanguka kwenye maji, akamvuta Mayala kwa shati mpaka vifungo vikakatika.

"Mvua hii! Utakufa! Utakufa, bwana!"

Mabati yalikuwa yakipiga kelele.

"Kumbe unajua," Kija akasema. "Mimi nimekuwa peku hapa wiki tatu, Venant. Mbona mimi hukunivuta?"

Venant akakimbilia swichi kubwa ukumbini, akaikata. Aliporudi, uso ulikuwa rangi ya majivu.

"Waya ulichubuka ndani ya bomba nilipouvuta," akasema. "Na bomba limegusa fremu. Na ule waya wa kwenda ardhini, wa kuushusha umeme unaovuja... nilichimba mkono mmoja nikakuta mwamba. Nikaukata, nikafukia kipande. Kusema kweli ilikuwa ni kubomoa kuta zote. Mama alipotaja marehemu, nikaona... nikanyamaza."

"Ukamwachia marehemu mume wangu kesi yako," Mama Wilhelmina akasema polepole. Akakaa chini.

Kija alikuwa ameshavaa viatu na kuokota kikapu. Mayala akamfuata peku mpaka njiani.

"Kija, nisamehe."

"Nimekusamehe."

"Basi rudi ndani."

"Wiki tatu, Mayala. Wiki tatu kufungua kamba mbili za viatu." Akajifunika khanga kichwani. "Bomoa kuta. Ukimaliza, usiniandikie barua. Njoo Busisi kwa miguu yako, mbele ya wajomba, useme mbuzi wao alikufa na nini."

Mayala alikwenda. Kuta zilikuwa zimebomolewa zote.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno, kwa mwanga wa karabai, maana umeme Mama Wilhelmina hakuutaka tena. Bibi harusi alipofikishwa mlango wa nyuma, vigelegele vikakatika ghafla. Mama mkwe alikuwa pale, peku, katambuga amezishika kwapani. Akanyoosha kiganja chote, akakibandika kwenye chuma, akakiacha muda mrefu kila mtu aone.

"Pita, mwanangu."

Kija akapita. Na viatu vyake miguuni.