Niliweke Wapi?

Kondoo mmoja alikuwa hajulikani alipo. Wenzake wote walikwisha kushushwa kutoka malishoni na kufungiwa zizini, ila yule jike mweusi mwenye kengele, mkaidi tangu azaliwe, alibaki huko juu mlimani Mjukhøa. Basi jua likielekea kuzama, Gudveig alivaa viatu vyake vya mlimani, akatia mfukoni mkate wa jibini ya kahawia, akamwita binti yake Solfrid waende kumtafuta.

"Mama, wewe na huyo kondoo wako mtaniua," Solfrid alisema huku akifunga kamba za viatu. "Mlima wenyewe huu hata bibi harusi anaupanda na shela lake. Si angeshuka mwenyewe?"

Gudveig hakucheka. Maneno hayo aliyachukia. Mlima rahisi, mlima wa watoto! Kila Pasaka watu wa mjini walikuja kwa mamia na mbao zao za kutelezea thelujini, machungwa mifukoni, wakaota jua kileleni, wakarudi kwao wakisema ni rahisi. Hata siku waliyomzika mwanawe Sindre walisema hivyo hivyo, wameshika vikombe vya kahawa yake yeye: mtu anakufaje Mjukhøa? Kana kwamba kijana wake alikuwa zuzu.

Hakuwa zuzu. Alifuata alama. Kwenye ukungu kila mtu hufanya hivyo: unatoka kwenye rundo moja la mawe unatafuta la pili, hadi chini. Lakini rundo la juu kabisa lilikuwa limehamishwa na jirani yao, Asbjørn. Mzee huyo alijenga kibanda cha kuuza keki bapa za moto zenye jamu, akataka njia ipinde ipite mlangoni kwake. Akalibeba rundo jiwe kwa jiwe, akalipanga upya karibu na ukingo wa genge la kaskazini. Siku ya jua genge unaliona. Siku ya ukungu, theluji na hewa ni kitu kimoja.

Bonde zima lilijua. Bonde zima likafyata ulimi. Asbjørn mwenyewe alikuja msibani na keki ya maziwa mala, akala vipande viwili, akaenda zake. Vijana walilirudisha rundo mahali pake, watu wakasahau. Mwaka uliofuata mzee akafa usingizini, kitandani kwake, baada ya chakula cha jioni. Hata hicho chakula cha jioni Gudveig hajamsamehe.

Walipofika karibu na kilele waliachana. Solfrid alizunguka upande wa juu, mama yake akashika wa mashariki. Anga ilikuwa safi. Waliambiana tu kwamba ukungu ukija, kila mmoja afuate mawe.

Gudveig angeweza kusema zaidi. Hakusema.

Ukungu ulikuja ghafla.

Ulipanda kutoka bondeni bila upepo, ukafunika nyasi, ukafunika mikono yake. Akasimama. Kengele ya kondoo ililia mara moja, karibu... kisha ikanyamaza.

Halafu harufu ikaja. Siagi inayoungua. Jamu inayoshika kwenye chuma cha moto.

Kibanda kile kilivunjwa miaka miwili iliyopita.

Akasikia hatua. Nzito, za mtu aliyelemewa. Jiwe likakwaruza jiwe. Pumzi ya kizee ikahema, na nyuma yake nyingine, nyepesi zaidi. Mwangwi, alijiambia.

"Gudveig," sauti ilinong'ona. "Niliweke wapi?"

Hakushtuka. Ndiyo iliyokuwa siri yake. Vuli iliyopita, kwenye ukungu kama huu, alikwisha kuulizwa. Alijua maana yake, kwa sababu bibi yake alimsimulia: anayehamisha jiwe la alama akifa halali. Hulibeba jiwe lake usiku na mchana, hawezi kutulia, na humwuliza kila aliye hai aliweke wapi. Atakayemwambia alirudishe mahali pake, ndiye atakayemfungua.

Vuli ile Gudveig alimjibu neno moja tu: libebe. Akashuka mlima akicheka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alilala fofofo. Alijua pia kwamba siku za ukungu rundo halikai mahali pake. Hakumwambia mtu. Angesema, wangempeleka mchungaji wa kanisa akamwombee, na mzee angepumzika.

"Gudveig... niliweke wapi?"

"Libebe," alisema kwa meno yaliyobana. "Libebe mpaka mgongo ukatike, mbwa wewe. Ulikula keki nyumbani kwangu."

Pumzi zile zilihema. Hazikusogea.

Ndipo aliposikia sauti ya Solfrid, mbali, yenye furaha.

"Mama! Nimeliona rundo! Nakuja!"

Ilitoka kaskazini.

Gudveig alipiga kelele asimame. Ukungu ukaila sauti yake. Akaita tena hadi koo likawaka, na kutoka kule akajibiwa vizuri tu, kwa uchangamfu, kwamba sawa, anakuja. Hatua za binti yake ziliendelea kwenye changarawe.

Harufu ya siagi ilikuwa puani pake. Kumpa pumziko mtu huyu! Huyu!

"Lirudishe," alisema, akilia. "Lirudishe ulikolitoa. Mungu akulaani, lirudishe."

Zile pumzi zikasogea.

Kisha kishindo kimoja, mahali fulani juu yake, cha jiwe kukaa juu ya mawe.

Ukungu ulipoanza kukatika, Gudveig alikimbia. Alimkuta binti yake amesimama hatua moja kutoka genge, mikono imekauka ubavuni. Alimvuta nyuma kwa koti, wakaanguka pamoja kwenye nyasi.

"Rundo lilikuwa hapa," Solfrid alinong'ona. "Mbele yangu. Wakalibeba wakaondoka nalo."

"Wakalibeba?"

"Wawili, mama. Mzee, na mwingine aliyeshika upande wa mbele. Alinitazama, akatikisa kichwa nisisogee. Ana ile kofia ya buluu uliyomfumia Sindre. Alionekana amechoka sana."

Rundo walilikuta mahali pake pa zamani. Kondoo mweusi alikuwa kando yake, akilamba jiwe la juu kama anavyolamba chumvi mkononi. Gudveig aliligusa. Lilikuwa na joto, limelowa jasho.

Tangu siku hiyo, ukungu ukishuka, hupanda peke yake, husimama hapo na kusubiri aulizwe. Haulizwi. Husikiliza zile pumzi mbili, hasikii hata moja. Hasira bado anayo, nzito vile vile, na hajui aiweke wapi.