Arbuni kwa Mtu Asiye na Mlango

Kila alasiri akitoka shule, Sindano alianzia kazi yake chini ya meza. Alikuwa na sumaku iliyofungwa kwenye uzi, na aliiburuta polepole sakafuni mwa duka la mama yake mpaka ikaota miiba ya pini. Wateja ndio waliompa jina hilo la Sindano, kwa wembamba wake na kwa ncha ya ulimi wake.

Mama alikuwa fundi cherehani. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba: cherehani dirishani, meza ya kukatia ukutani, na katikati nafasi ya mtu mmoja kusimama apimwe.

"Geuka nikupime mgongo, dada."

"Nikigeuka naangusha duka," mteja alijibu, wakacheka wote.

Mama alikuwa na sheria moja. Mteja akileta kitambaa, hutoa kwanza arbuni, yaani malipo kidogo ya kuanzia, ndipo mkasi uingie kazini. Simu ya duka ilishikwa na Sindano, kwa kuwa mikono ya mama haikutoka kwenye nguo. Aliwajibu wateja, aliwalipa wauza nyuzi, na namba ya siri aliijua kama jina lake.

Baba alikuwa mbali. Alikuwa fundi wa mitambo katika kituo cha kupima hali ya hewa, juu mlimani, ndani ya hifadhi ambayo hakuna aliyeingia bila kibali. Mwenzake wa zamu aliugua, kwa hiyo hakuweza kushuka. Alipoondoka, mtoto mchanga, mdogo wa Sindano, alikuwa hajaweza hata kukaa. Sasa alikuwa akisimama kwa kushika mguu wa cherehani.

"Ngojeni," baba alisema kila Alhamisi alipopata nafasi ya kupiga simu. "Nimeshawaombea kibali kwa mkuu wa kituo. Likizo mtakuja."

"Ngojeni, ngojeni," Sindano alinung'unika baada ya simu kukatika. "Mtoto atatembea, ataota ndevu, sisi tunangoja tu."

"Subira huvuta heri," mama alisema, pini zikiwa mdomoni.

Siku moja mama alikwenda kutafuta zipu. Sindano akaona kwenye simu tangazo lenye picha ya mlima uleule: vibali vya hifadhi, haraka, bila foleni. Akaandika kuuliza. Akajibiwa papo hapo na mtu aliyejiita Ofisa.

"Usijali, binti yangu. Nitumie picha ya kitambulisho cha mama na arbuni kidogo. Kibali kesho."

Neno arbuni lilimtuliza. Kwani mama naye si huchukua arbuni kabla ya kushona? Sindano hakuona tofauti. Akatuma picha, akatuma na pesa kutoka kwenye akiba ya nauli ya mlimani iliyokuwa humo simuni, huku akiwaza vigelegele atakavyopiga mama.

Kesho yake kibali kilikuja kweli kwenye simu, na muhuri mwekundu juu yake. Chini kulikuwa na ujumbe: bado ada ya muhuri. Akatuma. Ikaja ada ya mtoto mchanga. Akatuma. Ilipokuja ada nyingine, akaandika kwamba hana tena.

Jibu lilikuja bila "binti yangu".

"Kitambulisho cha mama yako ninacho. Usipomaliza kulipa wiki hii, jina lake litafungiwa, hatakanyaga mlima huo maisha yake yote. Ukimwambia mtu yeyote, nalifungia leo leo."

Tangu hapo duka likawa dogo zaidi. Sindano aliificha simu chini ya mabaki ya vitambaa, lakini iliponguruma ilitetemesha meza nzima. Kila ujumbe aliufuta. Akisema, mama anafungiwa. Asiposema, nauli inakwisha. Huku shimo, huku moto. Usiku alilala amekunja magoti, na alipoamka kitu cha kwanza kukumbuka kilikuwa kilekile.

Shuleni, rafiki yake aliyeitwa Redio kwa maneno mengi aliketi mbele yake.

"Wewe, leo ncha imevunjika?"

"Niache."

"Umegombezwa?"

"Bora ningegombezwa."

"Basi mwambie mama yako."

"Nimwambie nini? Hata hujui ni jambo gani!"

"Sijui, na sitaki kujua," alisema Redio. "Mimi siri ikikaa tumboni naumwa. Ndiyo maana sina hata moja."



Alhamisi ilipofika, mama alikuwa akishona kijikoti kinene cha mtoto, kwa ajili ya baridi ya mlimani. "Nauli tunayo," alisema kwa furaha. "Kijikoti hiki kikiisha, tunabakiza kibali tu." Sindano akainamia sumaku yake, ingawa sakafuni hapakuwa na pini hata moja.

Simu ikalia. Alikuwa baba, na nyuma yake upepo ulivuma.

"Kibali kimetoka! Mkuu ametia saini leo!"

Mama akapiga vigelegele vilevile Sindano alivyoviwaza, mtoto akashtuka akakaa kitako. Sindano peke yake hakusogea.

"Baba," aliuliza, "kwani mtu hawezi kujiombea mwenyewe huku chini?"

Baba alicheka. "Huku mgeni hajiombei, mwanangu. Huomba mwenyeji. Na siku ya kufika, mwenyeji hushuka getini kuwapokea wageni wake. Wapo wanaokuja na vikaratasi vya kununua, maskini. Hurudishwa wakilia."

Upepo ukazidi, simu ikakatika. Hapohapo ikanguruma tena. Mama alinyoosha mkono, lakini Sindano aliiwahi, akaikumbatia kifuani.

"Mama, nimetuharibia safari."

Alieleza yote, akianzia mwisho na kurudi mwanzo, akichanganya maneno na machozi. Mama hakupiga kelele. Alimaliza mshono uliokuwa chini ya sindano ya cherehani, akakata uzi.

"Nauli yote?"

"Imebaki kidogo sana."

Mama alikiweka kijikoti mezani. Simu ilipolia, Sindano akamwonyesha kuwa ni yule Ofisa, naye mama aliichukua akaiweka kwa sauti ya juu.

"Wewe mtoto, leo ndiyo mwisho..."

"Unaongea na mama yake. Nasikia una kibali chetu. Nielekeze mlango wako, nije nikichukue."

"Ofisi yetu ni ya mtandaoni, mama."

"Hata huko mtandaoni mtu hukaa kwenye kiti. Kiti chako kiko chumba gani?"

Likaja tusi, simu ikakatwa.

"Atakufungia, mama!"

"Mtu asiye na mlango atafunga nini?" Mama alimvuta, akamfuta uso kwa pindo la kanga. "Ila kuanzia sasa usifute ujumbe hata mmoja."

Asubuhi walikwenda polisi wakaandikisha maelezo, kisha wakaenda ofisi ya hifadhi. Mwanamke mmoja mwenye miwani alitafuta kwenye kompyuta, akaliona ombi la baba na saini ya mkuu.

"Jina lako liko salama, dada. Hatumfungii mtu kwa simu. Na kibali cha familia hakina ada, hata ya muhuri." Akaitazama ile karatasi ya uongo, akatikisa kichwa. "Mwanao si wa kwanza. Wengi huja hapa wameshachelewa, kwa sababu waliona aibu kusema."

Mama alibadilisha namba ya siri. Pesa hazikurudi. Ilibidi safari isogezwe hadi mwisho wa likizo, na siku zile zote Sindano alishona vifungo vya wateja ili nauli irudi, mpaka vidole vikachubuka. Hakunung'unika.

Mwishowe walifika getini. Ukungu ulikuwa mzito, na mlinzi aliwaambia wangoje katika chumba kidogo chenye benchi moja. Sindano aliitazama karatasi mkononi mwa mama, na ijapokuwa ilikuwa ya kweli, aliukagua muhuri wake mara mbili.

"Nilidhani arbuni ni arbuni tu," alisema polepole.

"Arbuni haina kosa," mama alijibu. "Wateja wetu wanajua mlango wa kubisha nikiwacheleweshea nguo. Kabla hujampa mtu pesa au kitambulisho, uliza mlango wake, kisha uje tuutazame pamoja. Na mtu akikukataza kuniambia jambo, mwanangu, jambo hilo ndilo la kuniambia mbio."

Nje viatu vizito vilikanyaga changarawe. Mama akamsimamisha mtoto, ndani ya kijikoti chake, kwenye kizingiti cha mlango uliokuwa wazi upande wa mlima.

"Haya, Sindano, mlango ndio huo. Bisha."

Sindano aligonga ubao wa mlango kwa vidole vyake vilivyochubuka.

"Hodi!"

"Karibuni," ilijibu sauti ya baba kutoka kwenye ukungu, na mtoto akauachia mkono wa mama, akaifuata kwa miguu yake.