Fundo Lililokazwa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani, alipokwenda na kaka yake kutembelea mji wa milimani. Asubuhi walijifunza kukwea kwenye ukuta wa mazoezi ndani ya jumba la michezo, wamefungwa kamba moja viunoni.

"Nikivuta mara mbili, ujue niko salama," kaka alimwambia. "Na uache kutetemeka, mdogo wangu, utatuaibisha."

Mchana wakapanda mlima wenyewe. Fundo la kaka alilifunga rafiki yangu mwenyewe, fundo la kishonaji, lisilofunguka bila mkasi. Njiani ukungu ukashuka, mchana ukageuka usiku. Nyuma yake, alikokuwa kaka, mawe yakaporomoka, kisha kamba ikalegea.

Akaita mpaka sauti ikamkauka.

"Kaka, usiniache. Mama nitamwambia nini?"

Ndipo kamba ikavutwa mara mbili, polepole. Akaivuta kwake huku analia, akisikia kokoto zikisagika kama mtu anayekuja.

Mwisho wa kamba ukamfikia. Kitanzi kilikuwa kitupu, bado kina joto, na fundo limekazwa vilevile alivyolifunga.

Akakikumbatia kifuani. Kikavutwa, mara mbili.