Karatasi ya Kinanda cha Baba

Duka la uchapaji lilifurika watu asubuhi ile. Mwalimu wa kwaya, gauni lake la kijani likimkaa vyema, alipenya hadi mbele akaweka nota mezani.

"Nichapie kwenye karatasi za A4, kaka. Nina haraka."

Mchapaji, kijana mrefu mwenye wino hadi viwikoni, alizitazama, kisha akamtazama yeye. "Nani atazisoma, dada? Vinota vyenyewe kama sisimizi!"

"Baba yangu, mpiga kinanda wetu. Wewe chapa tu."

Kesho yake alirudi. Baba hakuweza kusoma. Wakajaribu karatasi kubwa zaidi, A3. Ikawa pana mno, ikaporomoka kinandani. Ndipo alipomweleza mchapaji yote: macho ya baba yanafifia, wanakwaya wananong'ona apewe mtu mwingine kinanda, na tamasha ni Jumamosi.

Kufikia Jumatano, simu walizopigiana hazikuwa za karatasi tena.

"Umekula, mpenzi?" mchapaji aliuliza.

"Mpenzi wako nani?"

"Huyu aliyepokea kabla simu haijaita."

Alhamisi mwalimu alimkuta mchapaji dukani amempa mgongo, anaongea kwa simu. "Mzee haoni, ndugu yangu. Ataaibika mbele za watu."

Mwalimu alifoka. "Siri ya baba yangu umeifanya habari ya mtaa? Usinipigie tena!" Akaondoka, na simu akaizima.

Ijumaa, kwenye mazoezi, mchapaji aliingia ukumbini na shati lililopigwa pasi, kifurushi kwapani.

"Jana nilikuwa nambembeleza jamaa wa kiwanda cha karatasi anikatie B4," alisema. "Hapa mjini haipatikani. Kwa ukubwa inaizidi A4, haifiki A3."

Mwalimu alikifungua kifurushi; nota zilikuwa zimechapwa upya, kubwa. Karatasi zilikuwa nzito, rangi ya maziwa, hazirudishi mwanga wa taa machoni. Baba alizipanga kinandani, zikatulia. Akasogeza miwani, akapiga mstari wa kwanza, wa pili, ukurasa mzima.

"Mwanangu," alisema, "naziona zote."

Jumamosi mchana mzee alipiga kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukosea hata nota moja. Ukumbi mzima ulisimama. Walionong'ona ndio waliopiga makofi hadi viganja vikawaka.

Nyuma ya jukwaa, mchapaji alimsogelea mwalimu. "Bado umeninunia?"

"Nilikukosea. Nisamehe."

"Nimeshasamehe." Akainama sikioni mwake. "Utakubali nikuoe?"

"Sauti, bwana! Kwaya nzima isikie."

Akauliza tena, kwa sauti. Naye akajibu "Ndiyo!" akiwapita waimbaji wake wote kwa kupaza sauti.