Magunia Manne ndani ya Kalavati

Kila Jumamosi, Mariette alipomaliza kuteka maji na kuosha vyombo, alichukua gunia tupu na kuteremka kijitoni pamoja na wenzake. Walikuwa watoto kumi na wawili wa kijiji kimoja cha kanda ya Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Aliyewaongoza ni Gervais, kijana fundi baiskeli. Alikuwa amejitolea kusafisha kijito baada ya kuona watu wakiteka maji katikati ya chupa na mifuko ya plastiki. Watoto waliokota takataka, wakazijaza kwenye magunia, kisha kila mmoja akapeleka ya kwake kwenye shimo lililochimbwa juu ya kilima.

Jumamosi hiyo Gervais alikuja na habari. "Wenzetu wanaosafisha mto Rwizi kule Mbarara wametualika. Ila gari lina nafasi sita tu. Watakwenda wale watakaojaza magunia mengi."

Mariette, mwenye miaka kumi na miwili, hakuwa amewahi kufika Mbarara. Alifanya kazi bila kupumzika, akajaza magunia manne. Gervais aliandika jina lake juu kabisa ya orodha ya safari, akamsifu, akarudi kwenye baiskeli zake.

Lakini kilima kilikuwa kirefu na mabega yalimuuma. Wenzake walipotangulia, Mariette alitazama huku na huku. Akayasukuma magunia yote manne ndani ya kalavati, lile bomba kubwa la saruji linalopitisha maji chini ya barabara. "Nitayapeleka kesho," alijiambia.

Kesho yake walikuwa bado kanisani mvua ilipoanza. Ilinyesha bila kukoma. Kufikia saa nane mchana kijito kilikuwa kimefurika, na maji yaliyokosa njia chini ya barabara yakageukia shamba la Mukarukundo. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto mapacha wa miaka miwili. Maharage yake yalibakiza wiki moja yavunwe, na tangu mgao wa chakula upunguzwe, hakuwa na tegemeo lingine.

"Mutusaidie!" alilia Mukarukundo, maji yakimfika magotini. "Maharage inakwenda! Batoto bangu batakula nini?"

Majirani walikuja na majembe, wakachimba mfereji kando ya nyumba yake. Mfereji ulijaa kabla hawajaumaliza. Sasa maji yalikuwa yanalamba kuta za matofali ya udongo.

"Mvua ni mingi, kalavati imeshindwa," alisema Gervais, akihema.

Mariette alisimama barazani kwao, ambako mapacha walikuwa wameletwa, akiwa amembeba mmoja wao. Alijua. Akisema, kijiji kizima kitamjua, na mama yake ataaibika. Aliomba mvua ikatike. Haikukatika. Mara ukuta wa jiko la Mukarukundo ukaporomoka majini, na mtoto aliyembeba akapiga yowe.

Mariette alivuta kanga ya mama yake aliyesimama kando. "Mama, ni mimi. Nilitia magunia yangu ndani ya kalavati."

Bernardine, mama yake, alimgeukia. "Unasema nini?"

"Magunia ya jana. Yote. Sikuyafikisha shimoni."

Bernardine hakumpiga wala kumkemea. Alimchukua yule mtoto mikononi mwake, akapaza sauti: "Gervais! Muache kuchimba! Mukimbie ku kalavati, imezibwa na magunia!"

Gervais alifungwa kamba kiunoni, wanaume wanne wakaishika. Akaingia majini, akapapasa kwa jembe. Gunia la kwanza lilitoka. La pili pia. La tatu lilipokwama alizama mwili mzima, na Mariette, aliyekuwa amewafuata mbio, akafunika uso akidhani amemuua mtu. Gervais aliibuka akikohoa, akavuta tena. Ndipo maji yakanguruma chini ya barabara, yakalisukuma nje gunia hilo pamoja na la nne, na ziwa lililofunika shamba likaanza kupungua.

Nyumba ilinusurika. Nusu ya maharage ililala chini ya tope. Mukarukundo aliketi akiitazama.

Gervais alifuta jina la Mariette kwenye orodha, mbele ya wenzake wote. Bernardine naye alipima mbegu kutoka akiba yao wenyewe, na kila jioni baada ya masomo Mariette alikwenda kumsaidia Mukarukundo kuondoa tope na kupanda upya. Siku ya tatu Mariette alishindwa kuvumilia, akapiga magoti kwenye tuta.

"Unisamehe, Mama."

Mukarukundo aliegemea jembe lake. "Mutoto wangu, sitakudanganya. Bado ninaumia. Uvivu wako umekula nusu ya shamba langu. Lakini kama ungenyamaza, nyumba nayo ingekwenda, na batoto bangu bangekosa pa kulala. Kazi ukipewa, uimalize. Na ukikosea, sema upesi, maana kosa lililofichwa humfikia mutu ambaye hakukukosea kitu."

Kisha akamshika mkono, akamwinua.